Televisheni Mbili Zilipofanywa Moja

Mtu akinyamaza ghafla ninapoingia mahali, mimi husimama hapo hapo nimwulize alikuwa akisema nini. Watu huniona mkorofi. Basi na wanione. Tabia hiyo niliipata katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, katika miaka ya tisini, kwenye hoteli ya chai iliyotazamana na nyumba tuliyopanga mimi na mama.

Hoteli ile ilikuwa na televisheni mbili. Moja, ndogo, ilikaa juu ya kabati la mandazi, nayo ilionyesha stesheni ya serikali: Rais alikokwenda asubuhi, Rais alikokwenda jioni, halafu mpira. Ya pili ilitundikwa ukutani, ikiwa imeunganishwa na dishi kubwa lenye kutu lililokuwa juu ya paa. Hiyo haikulala. Ilitoa habari za ulimwengu kutwa kucha kwa Kiingereza kitupu: vita, mafuriko, bei za hisa, kisha vita tena. Ile ndogo tuliiita ya ndani, na ile ya ukutani tukaiita ya nje. Walimu na makarani walijazana chini ya ya nje, wafanyabiashara na wazee wakakaa upande wa mandazi, na kila upande uliamini kwamba wenzao wanadanganywa mchana kweupe. Mwenye hoteli aliwauzia wote chai ile ile.

Mama alikaa katikati, meza ya peke yake, shingo ikienda huku na huku. Kaka yangu, mtoto wake wa pekee wa kiume, alikuwa askari, na alikuwa amepelekwa pamoja na wenzake kulinda amani katika nchi moja ya Ulaya iliyokuwa ikipasuka vipande vipande. Ya ndani ilisema vijana wetu wanaendelea vyema na wanasifiwa kote. Ya nje ilionyesha nyumba zikiungua. Mama alikuwa akimtafuta mwanawe kati ya hizo mbili, na kwa kuwa hakujua Kiingereza, kazi ya kumtafsiria ilikuwa yangu.

"Amesema nini huyo?"

"Amesema kumetulia kidogo, mama."

"Kidogo tu? Mbona mdomo wake umekwenda sana hivyo?"

Hakuniamini hata mimi. Na nisiwe mwongo, nilikuwa nikimpunguzia.

Sasa, radi ya Kakamega haibishi hodi. Alasiri moja mvua ilikuwa haijaanza hata kunyesha vizuri, radi ikapiga nguzo ya stima iliyokuwa nyuma ya hoteli, na televisheni ndogo ikatoa moshi juu ya mandazi. Watu walitoka mbio wakiwa wameshika vikombe. Kesho yake tulimkuta mwenye hoteli amepanda ngazi, waya mdomoni, anaunganisha kila kitu kwenye ile ya ukutani.

"Moja inatosha," akatangaza akishuka. "Ya ndani na ya nje zote mtazionea hapa. Mimi ndio nitakuwa nabadilisha."

Rimoti aliifunga kwa karatasi ya nailoni isishike mafuta, akaitia kwenye mfuko wa aproni, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Alitupa nje kidogo, ndani kidogo, nje tena. Waziri angekuwa ndio anafungua bomba la maji, mara unaona mji unaungua. Kabla hujajua ni mji gani, waziri karudi, maji yanatoka, watu wanapiga makofi. Walimu walilalamika, wazee wakalalamika, na wote wakaanza kumwangalia yule mtu kwa jicho la pembeni. Miaka ile hatukujiuliza kama mtu ametumwa. Tulijiuliza ametumwa na nani.

Mama ndiye aliyegundua. "Angalia mkono wake," akaninong'oneza. "Ikifika tu kule kwa mwanangu, anabonyeza."

Nikaangalia. Ebo! Ilikuwa kweli. Mafuriko ya Asia aliyaacha mpaka mwisho. Bei za hisa, ambazo hakuna mtu Amalemba aliyekuwa na haja nazo, aliziacha mpaka mwisho. Lakini ikitokea theluji, kofia za buluu na yale magari meupe ya walinzi wa amani, kidole chake kiliingia mfukoni. Nikamfuata mpaka jikoni.

"Mzee, unatuficha nini?"

"Dada, mimi nawapatia habari za dunia nzima kwa kikombe kimoja cha chai, na bado hamna shukrani."

"Nani amekuambia ukate?"

Akageuka akaanza kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Toka siku hiyo nilimhesabu kuwa adui, na sikumficha.

Jioni moja mimi na mama tulikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Tulirudi giza ndio linaingia, tukapitia hotelini kama kawaida. Watu walikuwa wamejaa, lakini televisheni ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa cha meza. Nilipokanyaga tu kizingiti, wote walinyamaza. Mwalimu mmoja aliyependa kubishana na mimi akainuka akampisha mama kiti. Mwenye hoteli akasema chai imekwisha, na mimi naiona birika inatoka mvuke.

"Imeharibika?" nikauliza nikionyesha televisheni.

"Imepumzika," akasema.

Nilijua wanatuficha kitu, ila sikujua ni kitu gani. Asubuhi hofu ikazidi. Jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kamba ya nguo alituletea kuni, akaziweka mlangoni na kuondoka bila kusema neno. Mwingine akaleta kuku, amefungwa miguu tayari. Mama alisimama dirishani, kanga imekazwa kiunoni.

"Mbona wananisalimia polepole hivi?" akauliza. "Mimi ni mgonjwa?"

Kwetu, mzazi hapewi habari ya msiba na mpita njia. Mtu wa ukoo ndiye anayekuja kuisema, na mpaka afike, wanaojua hufunga midomo. Mama alilijua hilo, nami nililijua, na wote wawili hatukuthubutu kulitamka. Nilipasua kuni zile kwa hasira mpaka mikono ikaniuma.

Kisha tukasikia isukuti. Ngoma ile inasikika kutoka mbali, na ilikuwa inakuja upande wetu. Nikatoka nje. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa anaingia mtaani kutoka kijijini kwetu Malinya na vijana wake wapiga ngoma, na mbele yao anakokotwa fahali wake mweusi, yule wa kupigana, matope yamemjaa pembeni. Alipita katikati ya nguo zilizoanikwa, shuka ya mtu ikabaki kwenye pembe.

Kaka yangu aliwapenda fahali kuliko chakula. Mapigano ya fahali Malinya yangekuwa Jumamosi, yeye Ijumaa halali. Na mtu wa namna hiyo akifa, kwetu fahali huja kumlilia. Baba mdogo hakuwa na haja ya kufungua mdomo. Mama alimtazama yule mnyama, akamtazama shemeji yake akivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi.

"Mayi wee!" alilia. "Mayi wee, mwanangu!"

Sitaki kuisimulia ile saa. Nilimchukia fahali, nikamchukia baba mdogo, lakini zaidi ya wote nilimchukia mwenye hoteli, kwa sababu yeye alijua tangu jana na akaniambia chai imekwisha.

Mchana ule ule nikamwona anavuka barabara mbio, aproni inapepea, uso umekuwa kama unga.

"Dada, kuja. Kuja haraka. Kuna mtu kwa simu anasema yeye ni yeye."

"Nani?"

"Yeye!"

Nilikimbia pekupeku. Simu ya hoteli ndiyo iliyokuwa simu ya mtaa mzima, na kifaa cha kusikilizia kilikuwa kinaning'inia pale alipokiangusha. Nikakishika kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa mbali, ikienda na kurudi, lakini nilifikiri: mtu yeyote anaweza kuiga sauti.

"Kama wewe ni kaka yangu," nikasema, "jino lako la mbele lilienda wapi?"

"We dada una wazimu? Si ulinisukuma nikaangukia jembe, siku ile tunamfukuza fahali wa baba mdogo kwenye mahindi! Sikiza, najua mama anaonanga ile televisheni. Mwambie niko mzima. Mzima kabisa, hata mkwaruzo sina."

Simu ikakatika. Nililia, nikacheka, halafu nikamgeukia mwenye hoteli, na bahati yake kulikuwa na meza katikati yetu.

Ndipo wakanieleza. Walikuwepo wengi hotelini jana yake, na kila mmoja alijua kipande. Makarani waliona gari jeupe la walinzi wa amani limekanyaga bomu, linaungua kwenye theluji. Hapo akabonyeza. Ikaingia ya ndani, na msomaji alikuwa katikati ya sentensi, anatoa rambirambi kwa familia za askari wetu waliofariki gari lao lilipopata ajali. Watu waliunganisha wenyewe. Tukaja kujua baadaye kwamba rambirambi zile zilikuwa za lori lililopinduka huku huku nyumbani, upande wa kaskazini. Maskini hao, walikuwa na mama zao pia. Lakini hotelini hakuna aliyeona mwanzo wa habari ya pili wala mwisho wa ile ya kwanza. Walimtuma mtu kwa baiskeli mpaka Malinya kwa kitu ambacho stesheni zote mbili hazikukisema.

"Kwa nini ulikata?" nikamwuliza. "Jibu leo!"

Alijifuta uso kwa aproni. "Mimi nilikuwa naogopa uso wa mama yako," akasema. "Akiona theluji ile, anashika meza. Nikazoea kukata. Jana hakuwepo, lakini kidole kilikuwa kimezoea."

Nilitaka kumtukana, nikakirudisha tu kifaa cha simu mahali pake. Wiki nzima nimemfanya jasusi, kumbe ni mtu mwoga tu mwenye huruma.

Nilimkimbilia mama na ile habari njema. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakusimama.

"Umemwona?"

"Nimemsikia, mama. Ni yeye, na jino amelijua."

"Sauti si mtu," akasema. "Hata kwa televisheni watu wanaongeanga na hawako."

Hakurudi tena hotelini. Baba mdogo alirudisha fahali Malinya kwa njia ya nyuma, bila ngoma. Wazee wakasema kwa kuwa kijana ameliliwa akiwa hai, siku akirudi asivuke lango la boma mpaka kondoo achinjwe pale.

Alirudi baada ya miezi mingi. Tulikuwa Malinya wote, tumemngoja tangu asubuhi. Alisimama nje ya lango na begi lake, amenenepa kidogo, anacheka na pengo lake, mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, na jua lilikuwa kali la kuvua shati. Kondoo alikuwa bado anavutwa kutoka shambani. Mama hakungoja. Alifika langoni, akapitisha mikono juu ya mti wa lango, akamshika uso, masikio, shingo, akamfungua mdomo akatazama pengo.

"Lete mkono."

Akampa wa kulia.

"Na huo mwingine."

"Huo uko sawa, mama."

"Lete."

Akautoa polepole. Vidole viwili havikuwepo. Ngozi ilikuwa imeungua mpaka juu ya kifundo.

Kaka akainama. Lile gari lililoonyeshwa kwenye televisheni, akasema, lilikuwa letu. Mimi nilirushwa nje. Wenzangu, watu wa nchi nyingine, walibaki ndani.

"Uliambia dada yako hata mkwaruzo huna," mama akasema.

"Sikutaka uumie, mama."

Mama aliutazama mkono ule muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Hata wewe?" akasema. "Hata wewe unanikatia habari?"

Kondoo alipochinjwa na kaka akaruhusiwa kuvuka, mama alikuwa bado ameushika ule mkono.