Firigisi Thelathini za Iguhu

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa na mimi nikatolewa darasa la tatu. Hakuna aliyenieleza sababu. Asubuhi moja nilivaa sare, mama akaniambia vua, nikavua. Tangu siku hiyo nikawa mbeba kuku. Nilichukua ingokho, yaani kuku, za majirani, mbili mkono huu, mbili mkono ule, vichwa chini, nikatembea nazo mpaka soko la Kakamega, nikauza, nikarudisha pesa za wenyewe na kubaki na yangu kidogo.

Na ujue, kuku wenyewe sikuwala. Kwetu zamani mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamchinjisha, akampika, akaonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, basi. Mimi kuku wa kwanza nilimla nikiwa na miaka thelathini na miwili, niliponunua wa kwangu kwa pesa yangu. Nilifunga mlango nikamla peke yangu na obusuma, ugali wetu, pamoja na firigisi yake, ile sisi tunaita imondo. Firigisi ni ya mwenye boma. Nami nilikuwa nimekuwa mwenye boma.

Nasema haya ili uelewe kwamba firigisi si kitu cha kunifundisha mimi. Na bado nilikosea.

Biashara yangu sasa iko Lurambi. Nafuga, nachinja, nauza. Zamani niliandika kwa daftari, kwa alama zangu mwenyewe: duara ni kuku, mstari ni kuku aliyelipiwa, msalaba ni mtu nisiyetaka kumuuzia tena. Halafu binti yangu akaolewa na kijana wa Machakos, mtu wa kompyuta. Kijana akaona daftari langu akacheka. Hakucheka mbele yangu, angewezaje? Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai meza moja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Yeye kwao si hivyo, lakini mimi sikuacha mila yangu kwa sababu yake. Nilimpa chumba cha nyuma cha duka, akaweka mashine zake, na kila neno kati yetu lilipita kwa binti yangu. Binti ni muuguzi. Akitoka zamu anasimama mlangoni, anasema na huku, anasema na kule.

Hivyo ndivyo tulivyotengeneza mtambo wetu wa kuuzia. Mteja anafungua ukurasa wetu kwa simu yake, anaona kuku, anabonyeza, analipa kwa simu hiyo hiyo. Pesa ikiingia, mashine inapunguza stoo yenyewe, inatuma risiti, na kule machinjioni printa ndogo inatema karatasi: chinja wangapi, kata vipi, peleka wapi. Hakuna kupiga kelele wala kusahau. Hoteli za mjini zilinipenda, maana zinaagiza usiku na asubuhi mzigo uko njiani. Tulikuwa na nyota tano, na mimi nilizitazama hizo nyota kila saa. Simu ikilia, natazama. Isipolia, natazama kwa nini haijalia. Sikuwa na raha tena ya kukaa. Siku za daftari nilikuwa nafunika jalada nakwenda kulala. Huu mtambo hauna jalada.

Siku moja mkwe aliuliza kupitia binti: "Mama, anauliza ni sehemu gani za kuku zinauzikanga peke yake?"

Nikajibu: "Mapaja, mabawa, firigisi, miguu. Mwambie."

Akaambiwa, akaandika. Mimi nilikuwa na maana ya kuku wanaokatwakatwa kwa ajili ya hoteli. Sikusema, maana kwangu hilo halisemwi, linajulikana. Yeye akaiambia mashine hivi: kila kuku anayeagizwa kuchinjwa hapa, weka firigisi moja stoo, iuzwe. Angejuaje? Kama tungekaa pamoja dakika tano, angeniuliza, ningemjibu. Hatukukaa.

Mwezi huo mzee mmoja wa Iguhu akaagiza kuku thelathini. Alikuja mwenyewe na fimbo yake, hakutaka mambo ya simu. Alikuwa anapokea wakwe kutoka Likuyani waliokuja kuzungumzia mahari ya binti yake wa mwisho, na hao watu walikuwa wamekuja mara moja wakaondoka bila kuelewana.

"Mama," akaniambia, "hii ni mara ya pili. Ya tatu hakuna. Nipe kuku wa kuheshimu watu."

"Mzee, kwangu hakuna kuku mwingine." Nikaliingiza agizo lake kwenye mtambo mimi mwenyewe.

Mtu wa mbali asiyejua aelewe hapa. Mgeni wa heshima kwetu akipewa kuku, firigisi lazima iwe kwenye sahani yake. Hata akipewa kuku mzima mwenye mafuta yanayotiririka, asipoiona firigisi, ameambiwa: wewe si kitu hapa. Hatauliza. Ataosha mikono, atachukua kofia, na wenzake watasimama naye.

Jumamosi alfajiri tulichinja. Mama anayesimamia machinjio, nimefanya naye kazi miaka mingi, mtu wa Ikolomani mwenyewe, anayeijua mila hii, alitoka na karatasi mkononi.

"Mama, hii karatasi inasema tutoe firigisi thelathini za hoteli, wamelipia usiku. Na leo tumechinja za Iguhu tu. Tutoe hizo?"

Nilikuwa na simu sikioni, nyingine mkononi. "Karatasi imesema nini?"

"Imesema toa."

"Basi toa."

"Lakini Mama, hizi ni za wageni."

"Wewe na karatasi nani anajua hesabu? Karatasi haina usingizi, haina uvivu. Ikisema toa, toa!"

Akanitazama hivi, kama anatazama mtu mwenye homa. "Sawa Mama. Mimi ni mkono tu."

Saa tatu gari la mzee likachukua mabeseni likaondoka. Mimi nikazunguka. Nilikwenda bandani, nikarudi dukani, nikakaa, nikasimama. Kitu kilinisumbua na sikukijua. Kama saa nne na nusu nikafungua ukurasa wetu kutazama nyota, nikaona chini yake: firigisi, zimeisha. Nikajiuliza, zimeishaje, na leo hatukukata kuku wa hoteli hata mmoja? Ndipo maneno ya yule mama yakarudi moja moja.

Nikakimbia mlangoni. Mfuko wa hoteli ulikuwa bado upo, ndani ya boksi la barafu, firigisi thelathini zimeoshwa safi. Mwendesha pikipiki alikuwa ndiyo anafunga kofia yake aupeleke hotelini.

"Shuka," nikamwambia.

"Mama, simu inaniambia nimechelewa."

"Shuka nimekwambia!"

Lakini sikuushika ule mfuko. Ulikuwa umelipiwa, na mali iliyolipiwa si yangu. Hilo nimelijua tangu nikibeba kuku za watu. Ilibidi kwanza agizo lifutwe kwenye mtambo na hoteli irudishiwe pesa yake, na kufuta nilikuwa sijui. Nikampigia binti. Yuko wodini, simu yake iko kabatini. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu nikiwa nimesimama mbele ya chumba cha nyuma, naona kivuli cha mkwe chini ya mlango.

Nikasukuma mlango nikaingia.

Kijana aliruka kama ameona nyoka. Alijibana ukutani, macho chini, maana binti alimfundisha vizuri. "Mama, samahani, natoka."

"Ukitoka nani atanifutia hii? Kaa."

"Mama, nikae... hapa?"

"Una kiti kingine?"

Akakaa ukingoni. Mimi nikavuta ndoo nikaigeuza nikakaa kando yake, bega langu na lake hayana nafasi ya kupitisha kisu. Jasho lilikuwa linanitoka, na yeye pia. Nikamwambia habari yote kwa mdomo wangu mwenyewe: wageni, sahani, heshima, Likuyani.

"Yaani wataondoka kwa sababu ya firigisi?" akauliza.

"Kwenu mtu huondoka kwa sababu ya nini?"

Akafikiri. Akaanza kubonyeza. Alinionyesha: hapa agizo, hapa pesa inarudi kwa mwenyewe, hapa mteja anaambiwa. "Mama, ukifuta sasa hivi watatupa nyota moja. Firigisi ziko kwenye menyu yao ya mchana."

Hapo nilitazama tena ukurasa wetu, siwezi kudanganya. Zile nyota tano nilizihesabu kama watoto wangu. "Futa," nikasema.

Akafuta. Kabla sijafika nje hoteli ilikuwa imepiga, mnunuzi wao anapiga kelele. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekosa, nimeuza kitu kilichokuwa na mwenyewe. Akasema, "Nyinyi wazee na mambo ya mtandao, kaeni na jembe." Nikamwambia jembe ninalo pia.

Nikapanda pikipiki, boksi mapajani. Barabara yote ya Iguhu nilikuwa namwambia mwendesha pikipiki ongeza, na akiongeza namwambia utaniua.

Jikoni kwa mzee kulikuwa kimya. Jiko la wageni kuwa kimya ni jambo baya. Wanawake walikuwa wamezunguka beseni, mikono imewalegea, na mmoja akaniona akanisalimu, "Huyu hapa. Mulembe, mwizi wa imondo."

"Mulembe," nikajibu. "Leteni sufuria."

Mzee akaja na fimbo yake. Uso umebadilika rangi. "Mama, wageni wamepita Kakamega mjini. Nimekukosea nini? Ulitaka binti yangu azeekee hapa?"

"Hujanikosea. Mimi ndiye nimekukosea. Nilisikiliza karatasi nikaacha kumsikiliza mtu." Nikafungua boksi. "Thelathini. Hesabu."

Akahesabu kweli, moja moja, kwa kidole. Halafu akageuka akaenda kuwangoja wageni. Nikavua viatu nikachuchumaa motoni, nikaingiza firigisi kila sufuria kwa mkono wangu. Wageni walipoingia nilikuwa bado nafuta moshi machoni. Sikuweza kuketi. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikang'oa majani ambayo hayakuwa na kosa, mpaka sahani ya mkubwa wao iliporudi. Yule aliyeniita mwizi akainamisha niione. Mifupa mitupu.

Jioni mzee alinikuta mlangoni pa jiko. Walikuwa wameelewana. Akasema, "Nikiozesha mjukuu nitakuja tena. Lakini utaniandikia kwa daftari."

"Daftari panya walikula."

"Basi utaniandikia kifuani."

Nyota moja ile ilikuja kweli, pamoja na maneno. Binti alinisomea yote. Jumatatu nikamfanya mkwe aongeze swali kwenye mtambo: kuku hawa ni wa wageni? Ikiwa ndiyo, firigisi haionekani kwa mtu mwingine kabisa. Na karatasi ikitoka sasa, mama wa machinjio ndiye anayeisoma kwanza, na ana ruhusa ya kuikataa. Ameshaikataa mara mbili. Mara moja alikosea yeye, nikanyamaza.

Mkwe nilimtoza shuka, faini ya mila yetu, kwa kukaa karibu nami bila ruhusa. Alilileta na binti akicheka mpaka akalia. Sasa tunakaa chumba kimoja, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ndoo, na bado hatushikani mikono.

Leo nina haya. Ekari moja na nusu Lurambi, hati iko kwa jina langu. Nyumba ya mawe, vyumba vinne. Banda la kuku mia sita. Friji kubwa mbili. Mashine ya kunyonyoa manyoya. Pikipiki mbili, moja mbovu. Namba ya kulipia, kwa jina langu. Wafanyakazi saba. Jembe. Shuka moja, bado liko kwenye nailoni yake. Nyota nne na nusu.