Kulungu wa Bibi

Juzi kazini, Saint Louis Park huku Marekani, Mkenya mmoja tunayekaa naye meza jirani alivuta kiti chake hadi kwangu, simu mkononi. Mwaka huu amenunua upinde na anatafuta pa kuwindia. Kioo kilijaa vilima vya kusini mashariki, kule mto Mississippi unakopita chini ya majabali, na vipande vya ardhi ya umma vimepakwa kijani katikati ya mashamba ya watu. "Si uniambie pale budako alikuwa anahunt," alisema. "Public land zote zenye milima nimeenda, nimechoka kabisa." Nilimwambia nimesahau baba alikowindia. Uongo mtupu. Kilima kile nakijua kuliko ngazi za nyumba yangu, na tangu siku hiyo kimenikaa kooni, basi afadhali nikusimulie wewe.

Nilikuwa na miaka kumi, tunaishi Blaine, kwenye zile nyumba mpya ambazo bila gari huendi hata kununua mkate. Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Kondoa kwa matibabu. Msimu ule wa majani mekundu, madaktari wa Saint Paul walisema ugonjwa umefika mbali, arudi nyumbani ale anachopenda. Shida ni kwamba hakupenda chochote. Mama alisonga ugali, akapika mlenda, akachemsha kuku mpaka nyama ikaachana na mfupa. Bibi alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani. Nyama ya dukani, alisema, ni kutafuna kitambaa. Babu alikuwa mwindaji wa upinde kwenye vilima vya Kondoa, na bibi alitaka nyama ya porini, basi, hakutaka kingine.

Na kulungu walikuwepo! Wenyewe huku wanawaita dia. Walikuja nyuma ya nyumba yetu wakala mchicha wa mama, bibi akiwatazama dirishani, anameza mate. Lakini pale mjini hairuhusiwi kuwagusa. Mara ya mwisho baba kushika upinde alikuwa mtoto, na ulikuwa wa mti. Sasa alikuwa fundi mitambo wa hospitali, mwenye kitambi. Alikwenda kusoma kozi ya uwindaji, akachukua leseni, akanunua upinde wa kisasa wenye vigurudumu vya kuvutia kamba, na kila jioni akawa anatoboa gunia la matambara uani. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyewinda maisha yake yote, alimfundisha kushika pumzi. Angekuonyesha picha za wajukuu wake wote, lakini ukimuuliza anawindia wapi alianza kuzungumzia hali ya hewa.

Kila Jumamosi na Jumapili tukawa tunaondoka kabla ya alfajiri, mimi na ramani, yeye na chai ya tangawizi kwenye chupa. Ukitafuta ardhi ya umma unagundua kwamba umma ni watu wengi mno. Tulifika tukakuta magari matano yamekwisha kupangwa. Tulifuata njia nzuri ikaishia kwenye kibao cha mwenye shamba. Siku moja tulipanda saa nzima, jasho linatutoka kwenye baridi, na huko juu tukamkuta mtu ameketi mtini akitupungia mkono tuondoke. Baba aliomba radhi kwa ishara. Njiani kurudi nilihesabu siku ambazo bibi hajala chakula cha maana. Niliogopa sana.

Hatimaye tulielewa ramani. Mistari ya mwinuko ikibanana, ni mteremko mkali, na watu wengi, wavivu kama sisi, hawaupandi. Mistari ikiachana kidogo katikati ya mteremko, pana kibaraza, mahali tambarare, na kulungu hupenda kupita pale. Mimi ndiye niliyekiona kibaraza chetu, kipande chembamba cha kijani ambacho hukifikii bila kuvuka kijito kwa miguu. Tulivuka tumebeba viatu, maji yanauma. Juu tulikuta mialoni, matunda yake yametapakaa chini, kinyesi kibichi, na miti michanga iliyochubuliwa magome kwa pembe. Baba aliinama akashika ule udongo, akacheka peke yake.

Jioni ile bibi alitaka kujua tunakaa juu au chini. Baba, mtu mzima, alijibu kama yuko mbele ya mwalimu. Bibi akamweleza kwamba kilima kinapumua: jua likipiga mteremko, hewa hupanda, likiondoka, hewa hushuka. Basi asubuhi mkae juu ya njia ya mnyama, harufu yenu ipande zake. Na nguo zenu zisishike harufu ya jikoni. Baba alikwisha kulizingatia hilo. Koti lake la kuwindia lilikaa gereji, ndani ya boksi la plastiki lililojaa majani makavu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mama ni mwenyeji wa Tanga, na kwetu kila Alhamisi jioni nguo za Ijumaa zilifukizwa udi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. King'ora cha moshi cha ndani kilitupigia kelele mara mbili, kwa hiyo chetezo kilihamia gereji. Wiki ile bibi alikuwa ameacha hata uji. Baba alikuwa na mafua, macho yamemwiva, na ilibaki Jumamosi moja kabla msimu wa bunduki haujafunguliwa na vilima kujaa milio. Mama alizoea kusema kwamba mtu akienda kuomba jambo kubwa aende akinukia. Nililitoa koti kwenye majani, nikalitandaza juu ya kiti cha chuma, chetezo chini yake, nikalifukiza upande huu na huu, nikisoma sura zote nilizozijua. Katazo la bibi nililidhani ni la harufu ya jikoni, si la udi. Halafu nikalirudisha.

Jumamosi jua lilipotoka tulikuwa tumeketi juu ya kibaraza. Baba alikuwa amelivaa koti pale kwenye kijito, pua imeziba, hakunusa kitu. Mimi nilinusa. Nilifikiri ni harufu ya baraka. Kulungu alikuja kutoka kulia, dume kubwa, anaokota matunda ya mwaloni polepole, hatua ishirini chini yetu. Baba aliuvuta upinde. Niliona midomo yake ikisema bismillahi. Wakati huo huo wingu likapita juu ya jua na hewa ikasita. Kulungu aliinua kichwa, akapiga mguu chini, akapuliza pua kwa nguvu, na tukaona mkia mweupe tu ukishuka mteremko.

"Upepo ulikuwa wetu," baba alisema, upinde bado umevutwa. "Mwanangu, upepo si ulikuwa wetu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Harufu ya udi ndiyo iliyomfukuza. Kwenye kijito baba aliinama kunawa uso, akakaa ameinama muda mrefu, mabega yanatikisika. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

Tulipofika Minneapolis aliacha barabara ya Blaine, akasimama kwenye bucha ya halali, akatoka na paja la mbuzi. Aliniambia nisiseme kitu. Nyumbani alilikatakata mwenyewe, akalichemsha kwa chumvi peke yake, akambebea bibi bakuli. Bibi alikula vipande vitatu na kunywa mchuzi. Akauliza mmempata wapi, na baba akamweleza kilima chote, kijito, mialoni, dume lilivyokuja kutoka kulia.

"Ulisema bismillahi?"

"Nilisema, mama."

Alimtuma maji. Baba alipotoka, bibi alinivuta karibu kwa mkono wake mkavu. "Huyu ni mbuzi," aliniambia. "Usije ukamwambia mwanangu kwamba nimejua."

Alifariki Alhamisi iliyofuata. Chetezo hakikuwashwa.

Katika kila harusi na msiba wa Watanzania wa hapa baba alisimulia jinsi mama yake alivyokula kulungu kabla ya kufa, nami nilitazama sahani yangu. Tukiwa wawili alinigeukia na swali lile lile, tulikosea wapi, na kila kiangazi kilipoisha alirudi kwenye kibaraza kutafuta kosa lake. Hakuwahi kulipata. Mara nyingi nilifungua mdomo. Ningeweza kumfariji kwamba mama yake alijua na alikula kwa kumpenda, lakini siri ya bibi ikinitoka, ya koti ingefuata, na nilikuwa mwoga. Baba tulimzika baridi iliyopita. Kilima bado ni cha umma, yeyote anaweza kwenda. Nami leo ningeweza kuzisema siri zote mbili kwa sauti, maana hakuna aliyebaki wa kumficha.