Dume la Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliangushwa na nguruwe mbele ya watu. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo na cheti changu, nimevaa buti mpya za mpira, na kituo changu kilikuwa Ushetu, kwenye vijiji vya wakulima wa tumbaku. Bwana Mifugo aliyenipokea alikuwa Mwislamu, mtu mzima, mkali, asiyekula nguruwe na asiyependa utani juu ya jambo hilo. Alinipeleka kwa mfugaji aliyedai kwamba jike wake yuko kwenye joto, yaani anataka dume, akaniambia nithibitishe. Chuoni tulifundishwa kumbonyeza jike mgongoni, karibu na kiuno, kwa viganja viwili. Akisimama tuli, yuko tayari kupandishwa. Akikimbia, bado. Nikabonyeza. Yule jike alikimbia, nami nikaenda naye hadi kwenye tope.

Wenye nyumba walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Mifugo hakucheka.

"Jibu umelipata," alisema. "Bado hajawa tayari. Inuka uwaambie."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Njiani kurudi alinieleza kwamba yeye nguruwe hamli, lakini mfugaji husomesha watoto kwa nguruwe huyo, na ukimdharau mnyama wa mtu umemdharau mwenyewe. Kwake nilijifunza kukata meno ya vitoto wanapozaliwa ili wasimjeruhi mama kwenye chuchu, na kuwachoma sindano ya madini ya chuma, kwa sababu kitoto anayekulia kwenye sakafu ya saruji hapati udongo wa kutafuna na damu yake huwa nyepesi. Nilijifunza kuhasi bila kumchelewesha mnyama kwenye maumivu. Kuhesabu mimba nilikuwa nakujua tayari, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, maana hilo hata mtoto wa mfugaji analijua.

Ninyi vijana mnaotoka vyuoni sasa mna simu zinazowakumbusha kila kitu. Sawa. Lakini kuna jambo ambalo simu haitawaambia, nalo ni desturi ya dume. Katika vijiji vyetu si kila mtu anafuga dume. Anakula sana, ana fujo, na kazi yake ni ya siku chache. Kwa hiyo nyumba moja hufuga dume na majirani huleta majike wao. Hakuna malipo ya siku ile. Vitoto wakiachishwa kunyonya, mwenye dume hupewa kitoto mmoja, na hapo ujirani umekamilika. Kumnyima jirani dume ni sawa na kumnyima moto wa kuwashia jiko. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu anajua.

Kutoka Ushetu nilihamishiwa Masumbwe. Huko dhahabu ilikuwa imeleta watu kutoka kila pembe ya nchi, na wachimbaji wakitoka shimoni wanataka nyama. Vibanda vya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe ya kuchoma, viliota kando ya njia zote za machimbo. Bei ya nguruwe ilipopanda, kila mwenye uwanja akaanza kufuga, na wengi walifuga kwa mtindo wa huria, yaani nguruwe anafunguliwa asubuhi ajitafutie. Mfugaji hatumii chakula wala banda, na anaona amepata faida. Hajui kwamba dume anayezurura anapanda binti zake mwenyewe, na baada ya vizazi vichache vitoto wanazaliwa wadogo, dhaifu, wengine vilema. Huo tunauita uzazi wa ndugu. Na nguruwe anayezurura hula chochote, pamoja na kile ambacho binadamu ameacha kichakani, ndiyo maana minyoo ya tegu haikuisha.

Mkuu wangu pale alikuwa Daktari wa Mifugo, mama mfupi anayetembea haraka kuliko wanaume wote wa ofisi. Ndiye aliyenionyesha homa ya nguruwe kwa mara ya kwanza. Tulifika kwenye banda ambalo nguruwe wote walikuwa wamelundikana pembeni kama watu wenye baridi, masikio yamegeuka rangi ya zambarau. Nikamuuliza tuanze na dawa gani.

"Hakuna dawa. Hakuna chanjo. Hapa tunazika," alisema. "Homa hii inatembea kwa miguu ya watu. Inaingia kwa buti, kwa ndoo, kwa nyama, kwa dume la kuazima. Funga hayo, utakuwa umeifunga."

Nimelibeba somo hilo miaka yote iliyobaki. Nililibeba hadi Kharumwa, kituo changu cha mwisho, na huko nikampa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa mjane, amenizidi umri, anaishi kwenye kitongoji kimoja nje ya mji. Mapacha wake walishaondoka. Kulwa aliolewa mbali, Dotto alikuwa machimboni na alionekana tu alipokuwa mgonjwa. Nguruwe ndio waliomlisha. Alikuwa na majike wazuri na dume mmoja mkubwa, mweupe mwenye madoa, ambaye kitongoji kizima kilimwita Mwenyekiti kwa sababu alihudumia nyumba zote bila ubaguzi. Mwenyekiti wa kweli wa kitongoji alilijua jina hilo na alicheka kama wengine. Nikifika nilikuwa namwamkia, "Shikamoo, Mama Kulwa," naye hujibu marahaba huku akikoroga sufuria lake la pumba na mashudu ya pamba. Aliwapikia nguruwe kila siku kwa kuni mbichi, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Kumbukeni macho hayo.

Watu wa kitongoji kile wote niliwafundisha. Niliitisha mkutano, nikachora chini kwa kijiti mfano wa banda lenye sakafu iliyoinuliwa, uzio wa kuzunguka, beseni la dawa ya kuulia vijidudu langoni, na buti zisizotoka nje ya banda. Walisikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao. Mama Kulwa peke yake alijenga. Alikata nguzo, akafunga waya, akaweka beseni. Majirani walimtania kwamba nguruwe wake wamepata geti kama watu wa mjini. Na kwa muda hakuna kilichoharibika, kwa sababu majike waliendelea kuletwa, wakioshwa miguu langoni, na Mwenyekiti aliendelea na kazi.

Kisha homa ikaanza upande wa machimbo. Huko mtu akiona nguruwe wake amekataa chakula hamwiti mtaalamu, humwita mchoma nyama. Nguruwe mgonjwa huuzwa kwa bei ya kutupa, nyama inaliwa, makombo na mifupa vinakusanywa kwenye ndoo, na ndoo inaletwa vijijini kama chakula cha nguruwe wengine. Binadamu homa hiyo haimdhuru. Nilipopata habari nilikimbia kitongoji kwa kitongoji kwa pikipiki. Kwa Mama Kulwa nilisema neno moja: funga. Asiingie jike, asitoke dume, lisipite kombo lolote.

Jirani yake wa karibu aliitwa Mama Shija. Walikuwa wamelima pamoja, wamezika pamoja. Siku chache baada ya agizo langu, Mama Shija alikuja na jike wake kamfunga kamba mguuni, yuko kwenye joto. Mama Kulwa alisimama ndani ya uzio akamwambia haiwezekani, Dokta amekataza, maana ndivyo walivyoniita. Mama Shija hakugombana. Alimgeuza jike wake, akarudi nyumbani bila kuaga. Mama Kulwa aliponisimulia, nilimwambia amefanya vyema. Kwa mifugo alikuwa amefanya vyema kabisa.

Homa ilifika. Nguruwe wa Mama Shija walikuwa wa kwanza, kisha nyumba ya pili, kisha kote. Tulichimba mashimo, tukazika kwa chokaa. Watu waliokuwa wanategemea nguruwe kulipa ada walikaa milangoni mwao. Harufu ilikaa kitongojini hata mvua iliponyesha. Na katikati ya hayo yote, ndani ya uzio wake, Mwenyekiti alikuwa anakula pumba na majike wake wananenepa.

Maneno yalianza kisimani. Alijuaje mapema? Kwa nini alimnyima mwenzake dume siku chache kabla ya homa? Na macho yale je? Wenyeji wa ukanda huu sina haja ya kuwaeleza maneno hayo huishia wapi kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Wageni niwaambie tu kwamba macho mekundu huku huhesabiwa dalili ya uchawi, na maneno hayo huishia kwenye panga. Mama Kulwa alianza kukwepwa. Salamu zake hazikujibiwa. Asubuhi moja alikuta mlango wake umepakwa kinyesi cha nguruwe.

Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji aitishe mkutano, akaitisha. Nilieleza kirusi, nikaeleza makombo, nikaeleza uzio. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Kamanda wa ulinzi wa jadi, mzee mpole kwa sura, alinyanyuka akiwa amekunja mikono.

"Dokta, ugonjwa tumeuelewa," alisema. "Tunachouliza ni kwa nini umeruka nyumba moja."

Nikamwambia umeruka kwa sababu nyumba hiyo ilijifungia, nami niliwafundisha wote kujifungia.

"Ni kweli ulitufundisha," alisema. "Sisi tuliona vibaya kuwafungia majirani."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilikasirika mno. Nilikuwa na majibu yote ya chuo, ya Ushetu na ya Masumbwe, na hakuna hata moja lililofaa. Mkuu wangu wa Kharumwa, nilipompigia, alinisikiliza hadi mwisho, akaahidi kuzungumza na polisi, na alizungumza nao. Walikuja, wakaonya watu, wakaondoka jioni.

Siku iliyofuata nilikwenda kumshawishi Mama Kulwa ahamie kwa Kulwa kwa muda. Alikuwa ameketi kwenye gogo, anawatazama nguruwe. Alisema mtu aliyekimbia amekiri, na nyumba yake, kaburi la mumewe na shamba lake viko pale. Halafu akaniomba nimfundishe tena.

"Nikumbushe, ng'wanawane," alisema, akitumia neno la Kisukuma la kumwita mtu mwanangu. "Ugonjwa huu unaingiaje bandani?"

Nilifurahi. Nilidhani anaongeza ulinzi. Nikamweleza taratibu, kama mwalimu: kwa buti iliyokanyaga banda lenye ugonjwa, kwa ndoo ya makombo yasiyochemshwa, kwa nguruwe mmoja kumgusa mwingine. Aliuliza ipi ni ya haraka zaidi. Nikamjibu.

Nilirudi baada ya muda usiozidi wiki mbili. Lango lilikuwa wazi. Beseni la dawa limegeuzwa chini juu. Ndani ya kihori niliona mifupa ya kitimoto na ndoo isiyo yake. Majike walikuwa wamelundikana pembeni, na Mwenyekiti alikuwa amelala ubavu, masikio yameiva rangi ile ile niliyoiona Masumbwe. Nilimgusa, alikuwa moto kama jiko.

Uani palikuwa na watu. Wanaume walikuwa wanachimba shimo, na kamanda yule yule alikuwa na sepeto. Wanawake walikuwa wameleta uji. Mama Shija alikuwa ameketi karibu kabisa na Mama Kulwa, amemshika mkono, anamwambia pole, mwenzangu, ndivyo Mungu alivyopanga. Mama Kulwa alipoinua macho kuniona, hakuwa analia.

Nilimvuta pembeni, nyuma ya banda.

"Mama Shija amenisalimia leo," alisema. "Umemwona?"

Nikasema nimemwona.

"Basi nitaishi, Dokta."

Nililia nikiwa juu ya pikipiki, njia yote hadi Kharumwa. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo sijui hadi leo niielekeze wapi. Mkuu wangu alipouliza homa iliingiaje kwenye banda bora kuliko yote wilayani, nilimjibu iliingia kwa makombo. Hilo lilikuwa kweli. Akaandika makombo kwenye ripoti.

Sasa nimestaafu. Wakati mwingine naitwa kuzungumza na maafisa wapya, na huwa wanauliza mfumo gani wa ufugaji ni bora. Nawaambia ni wa ndani, wenye uzio, beseni la dawa, na dume asiyezungushwa nyumba hadi nyumba. Sijabadili neno. Ila sasa nawaambia pia wasiondoke kijijini wakiwa wamejenga banda moja tu. Wengine wanaandika hilo, wengine wanatazama simu zao.

Mama Kulwa yu hai. Anafuga bata, na banda lake anawekea kuni. Nilimpitia mwaka huu baada ya mavuno. Tulipokuwa tumekaa walipita watu, na kila aliyepita alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia kila mmoja kwa jina. Nilimuuliza kama atarudi kwenye nguruwe. Alicheka kidogo.

"Nitarudi siku majirani watakapokuwa wamejenga wote," alisema. "Mimi sitangulii tena."

Aliponisindikiza hadi njiani, nilichungulia uani kwa Mama Shija. Ameshapata nguruwe wapya, na wote walikuwa nje, wanazurura.