Harufu ya Petroli Nisiyoisikia
Mafua makali yalinilaza wiki tatu, na yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Chai ikawa maji ya moto yenye sukari, maandazi yakawa kitu cha kutafuna. Daktari aliniambia nisubiri, harufu zitarudi zenyewe. Nikasubiri mwaka mzima, wa pili ukaingia, nikaacha kusubiri. Shuleni kwetu Chapwa, ninakofundisha, hakuna aliyejua. Mtu akisema pilau inanukia, unaitikia tu, maisha yanaendelea. Nyumbani alijua mke wangu peke yake.

Yeye ndiye aliyeanza kulalamika kuhusu gari letu dogo.

"Linanuka petroli," alisema siku moja tukitoka sokoni.

"Sana au kidogo?"

"Linanuka, baba. Sasa nikupimie na nini?"

Nikalipeleka kwa fundi wangu hapo Tunduma. Akafungua boneti, akapapasa mabomba, akalala chini ya gari, akainuka akijifuta mikono. "Mwalimu, mbona mimi sisikii kitu? Wewe unaisikia mbele au nyuma?"

Nilipaswa kumwambia ukweli. Nikaona aibu, mwanaume mzima kulalamikia harufu nisiyoijua. Nikasema, "Mbele." Akabadilisha bomba la mafuta kule mbele. Baada ya wiki kadhaa mke wangu akasema harufu imerudi, nikarudi gereji, fundi akanusa tena na tena, hakuna kitu. Mara ya tatu alinitazama kama mtu anayesumbuliwa na mapepo. Jambo lenyewe lilikuwa hivyo: leo inanuka, kesho hainuki, na mimi dereva ndiye pekee nisiyeweza kusema ni leo au kesho.

Mama yangu alishuka kutoka Mbebe, kijijini kwake milimani, kuja kutibiwa jicho. Alipomaliza nikasema nitamrudisha mwenyewe, asipande mabasi na kitambaa usoni. Mke wangu alibaki na watoto. Nikajaza tangi mpaka shingoni, maana kule juu kupata mafuta ni bahati. Mama akakaa kiti cha nyuma ili ajinyooshe. Tulipoanza kupanda milima baridi ikaingia, nikapandisha vioo vyote.

"Mama, umechoka?"

"Niko salama, mwanangu. Angalia barabara."

Tuliacha lami, tukashika barabara ya vumbi. Nilimsimulia habari za wajukuu, akawa anaguna tu, kisha hata kuguna kukaisha. Nikatazama kwenye kioo. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirishani, mdomo wazi.

Nilimwita mara tatu. Sikumbuki nilivyosimamisha gari. Nakumbuka nikimvuta kwa makwapa, viatu vyake vikibaki ndani, nikamlaza kwenye nyasi kando ya barabara. Akafumbua jicho moja, akatapika. Alijaribu kukaa, akaanguka upande. Mimi nikawa namshika mkono na kurudia, "Mama, mama," kana kwamba neno hilo ni dawa.

Mwanamke mmoja alikuwa akipita na kapu la viazi kichwani. Alifika mbele ya mlango uliokuwa wazi, akarudi nyuma ghafla na kuziba pua kwa khanga.

"Jamani! Petroli yote hii, na injini inaunguruma! Zima!"

Nikazima. Mama alikaa muda mrefu kwenye upepo kabla rangi haijamrudia usoni.

"Mama, uliisikia hiyo harufu?"

"Tangu tulipotoka mjini."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua na wewe unaisikia. Nikasema, mwanangu analijua gari lake."

Nikamwambia habari ya pua yangu, pale pale kwenye nyasi, mbele ya mwanamke nisiyemjua. Mama akauliza taratibu, "Na Krismasi uliponisifia mchuzi wangu, ulikuwa unasikia nini?"

Nikaenda kumchukulia viatu vyake garini. Hakuniuliza tena.

Mwanamke yule alitutafutia bodaboda, akampandisha mama, akakaa nyuma yake kumshikilia mpaka nyumbani. Mimi nikampigia simu fundi.

"Usiliwashe hata kidogo," alisema. "Uliweka mafuta kiasi gani?"

"Nilijaza."

"Mwalimu, kwangu huwa unakuja tangi likiwa karibu tupu."

Alifika kesho yake asubuhi. Hakugusa boneti. Aling'oa kiti cha nyuma, pale pale mama alipokuwa amekaa, akafungua kifuniko cha bati chini yake. Hapo ndipo pampu ya mafuta inapoingia kwenye tangi, na kuzunguka kichwa chake petroli ilikuwa imetuama. Mpira unaoziba mdomo wa tangi ulikuwa umekauka na kupasuka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Tangi likiwa nusu, mafuta hayaufikii. Likijaa, na gari likipanda mlima, yanarudi nyuma na kupenya hapo, na mvuke wote unaingia kwa abiria.

Alipunguza mafuta kwa kuyafyonza na bomba, akafunga mpira mpya wa kuziba, akakausha kila kitu, kisha akarudisha mafuta mpaka juu. Tukalitikisa gari. Akapitisha karatasi nyeupe pale, ikatoka kavu.

"Haya, nusa mwenyewe uridhike."

"Siwezi, fundi. Pua yangu haifanyi kazi. Karibu miaka miwili."

Alinitazama, kitambaa mkononi. "Na siku ile uliponiambia mbele?"

"Nilibahatisha."

Hakunitukana. Alianza kukusanya spana zake moja moja, akasema tu, "Ungeniambia, mwalimu. Ningekuwa nimeshafungua hapa."

Mama aliumwa kichwa siku mbili, kisha akapona. Nilipomuaga alisimama mlangoni, hakukaribia gari, nami sikumwomba.

Fundi alikuwa ametangulia na basi. Nilishuka peke yangu, vioo vyote chini, baridi ikinikata masikio. Nilipofika Mpemba, kabla ya kuingia Tunduma, nikashindwa kuendelea. Nikasimama mbele ya mama mmoja muuza maparachichi, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikamwomba aingize kichwa anisaidie kunusa.

Alinitazama juu mpaka chini, akaingiza kichwa, akatoka.

"Linanuka vumbi tu, baba."

Nikamshukuru. Nikakaa tena nyuma ya usukani, vioo nikaviacha chini.