Manjano Yasiyotoka

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza wakati wa Mwingereza, kwenye kisiwa chetu cha delta ya Rufiji, wanaume wakiwa wameenda kukata mikoko. Nikafungiwa chumbani nitimize arobaini. Dirisha lilizibwa kwa mkeka ili jua na jicho baya visimfikie mtoto.

Mavyaa, mama wa mume wangu, ndiye aliyeniuguza. Alinikamua maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya kiini cha yai, akayamwaga kwenye majivu. "Dang'a hiyo uchafu, mwanangu. Ngoja meupe yashuke." Mtoto akanyweshwa maji ya mchele yenye asali. Na kila asubuhi alisingwa mwili mzima kwa manjano na mafuta ya nazi, mpaka nyayo. Alinukia kama mchuzi, nami nilimpenda hivyo hivyo.

Siku ya tatu aliacha kulia. Wanawake waliokuja kunitazama walimchungulia gizani, wakanong'ona, "Mtulivu kama mgeni." Mavyaa akamtania mjukuu wake: "Mume wangu huyu hana makuu." Mimi sikucheka. Kimya kile kilinitisha. Nilimfinya mguu, akakunja uso, sauti haikutoka.

Siku ya tano mavyaa alikwenda kisimani. Nikavuta mkeka kidogo, nikamwogesha kwa sabuni. Maji yakageuka rangi, nikayamwaga, nikachota mengine. Ya pili yalibaki safi, lakini mtoto alikuwa wa manjano vile vile. Nikasugua. Nikamfunua kope kwa kidole gumba. Jicho lililonitazama lilikuwa la manjano, na manjano hayapakwi machoni.

Nilipiga ukelele. Mavyaa alirudi mbio, akaona, akakaa chini.

"Mama, mimi namnyonyesha sasa hivi," nikasema.

Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Siku mbili nilimdondoshea maziwa mdomoni, nikiwa na hasira na kila mtu, na mimi mwenyewe zaidi. Polepole akashika titi. Wiki zilivyopita, macho yakatakata. Mavyaa akachinja kuku. "Yamekwisha, mwanangu," akasema.

Nikaamini hivyo miezi mingi, mpaka asubuhi moja mtoto alipotambaa kuelekea mafiga yenye moto. Nilimwita. Nikamwita tena kwa sauti ya kupasua koo. Mavyaa akageuka. Majirani uani wakageuka. Mwanangu akaendelea kutambaa. Manjano yalikuwa yamemtoka machoni, yakaondoka na masikio yake.