Hewa ya Ziada

Mimi ni mwepesi wa hasira, na asubuhi ile nilikuwa nimeamka nazo. Nilikuwa Kakuma kumchukua mama kwa dada yangu nimrudishe Lodwar kwa pikipiki, na tairi la nyuma lilikuwa limelegea. Fundi wa pancha, mzee Mkongomani anayefanya kazi kando ya barabara, akatia kiraka kwenye tyubu, akapiga pampu, kisha akaacha kabla tairi halijawa gumu.

"Ongeza," nikasema.

"Mwalimu, tuache nafasi kidogo. Jua ikipanda, ile hewa itatafuta fasi ya kutokea. Na muko wawili."

Watu walikuwa wanatazama. Nikamwambia mimi ndiye ninayefundisha fizikia, yeye apige pampu tu. Mama akanigusa bega: "Msikilize mzee." Sikumsikiliza yeyote. Fundi akaongeza mpaka tairi likawa gumu kama ubao.

Adhuhuri, tukiwa tumepita nusu ya njia, lilipasuka. Mama aliangukia mkono. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande, na hadi leo hawezi kukamua mbuzi kwa mkono huo.

Hospitalini walipouliza, nilisema fundi aliweka kiraka kibovu. Nikamwambia dada yangu vivyo hivyo, naye akaeneza Kakuma nzima. Mama alinisikia nikisema. Akanitazama, akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kidato cha tatu. Nikachora mtungi uliofungwa, nikaeleza kama kila mwaka: gesi ukiibana kwenye nafasi ndogo, au ukiipa joto huku haina pa kupanukia, shinikizo lake hupanda. Msichana mmoja wa kijiji cha Kaaleng akainua mkono.

"Mwalimu, na tairi ya pikipiki ikijazwa sana asubuhi, halafu ipigwe na jua?"

Nikasema tutalijibu kipindi kijacho, nikafuta ubao kabla ya kengele. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya watoto. Kipindi kijacho kilipofika, nilianza mada nyingine.

Likizo nilirudi kwa fundi kumwomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Sijashuka hata kwenye pikipiki, akaniuliza, "Mama, mkono yake iko namna gani?"

"Umepona," nikasema. Kisha, kwa woga, nikasema tairi limelegea.

Akanisogezea pampu. "Jaza mwenyewe, mwalimu. Siku hizi kila mutu anajijazia, asiseme kesho ni makosa yangu. Mimi naziba tu."

Nikapiga pampu pale juani, yeye akiwa ameketi kwenye debe lake. Tairi lilipokaribia kuwa gumu, nikaacha. Akaliona hilo. Akatikisa kichwa kukubali, jinsi ninavyofanya mwanafunzi mzito anapopata jibu hatimaye.

Nikasema asante, nikawasha pikipiki, nikaondoka na msamaha wangu ungali mdomoni.