Kufuli Lililoishia Mlangoni

Miaka ile vibanda vya intaneti vilipoanza kuota mjini Sumbawanga, mimi nilikuwa nafundisha shule ya mtaa wa Malangali, hapohapo mjini, na mchumba wangu alikuwa kazini Lusaka. Kupiga simu Zambia kulikuwa ghali, basi mapenzi yetu yakahamia kwenye barua pepe. Posa na mahari vilishapokelewa, na padri alishatutangaza Jumapili mbili. Ilibaki moja tufunge ndoa.

Siku moja nikiwa kibandani nilimwandikia kwamba mama ameloweka ulezi wa pombe ya harusi. Yeye akapata na ujumbe mwingine kutoka anwani yangu: nimempata mwanamume mwingine, asijisumbue kuja. Jamani! Nikampigia, nikamwapia kwamba siyo mimi.

"Neno la siri unalijua wewe peke yako," akasema polepole. "Nani mwingine angeingia?"

Akakata simu. Mshenga wake akaenda parokiani kusimamisha tangazo la tatu. Nyumbani ulezi ukachipua, mama akauanika juani.

Nilirudi kibandani nimefura. Mwenye kibanda, dada aliyesomea kompyuta Mbeya, akaniketisha. Akanionyesha alama ya kufuli kwenye ukurasa wa kuingilia. Nilipoandika neno la siri nikaingia, kufuli likatoweka. Akanieleza kwamba wenye tovuti wamefunga hapo tu. Baada ya hapo hawakuulizi tena. Wanaipa kompyuta yako kitambulisho cha muda, nacho kinasafiri wazi kila unapobonyeza kitu. Aliyekaa mashine ya jirani akikinasa, tovuti inamwona ni wewe. Ni kama mhuri wa mkononi dansini: ukishagongewa mlangoni huulizwi tiketi, na mwenzako akibandika mkono wake juu ya wako wino ungali mbichi, naye anapita. Mhuni aliyenifanyia hivyo hatujamjua hadi leo.

Mchumba akaja kupitia mpaka wa Kasesya, amekuja kudai mahari yake. Nikamwambia kabla hujadai, twende kwanza kibandani. Mimi nikafungua barua zangu mashine moja, yeye akaketi nyingine pamoja na yule dada. Haukupita muda, dada akakinasa kitambulisho changu, barua zangu zote zikawa mbele ya mchumba, na kwenye mashine yao neno la siri hakuna aliyeliandika.

Mchumba akaniomba radhi, machozi yakimlengalenga, akasema twende kwa padri leo hii, Jumapili atutangaze.

Nilikuwa bado nampenda, tena sana, siwezi kudanganya.

"Mimi nilipokuambia siyo mimi, hukuniamini," nikamwambia. "Mpaka mashine initolee ushahidi. Je, siku nikiwa sina mashine?"

Nikaivua pete ya uchumba, nikamwekea kiganjani.